Vilima Vinavyopitwa na Mabasi

Karne ya 19 hakuna msafara uliovuka Ugogo bila kusimama. Uwe wa mfanyabiashara wa Unguja anayefuata pembe Tabora, uwe wa Wanyamwezi wanaoteremka pwani na mizigo mabegani, uwe wa Mzungu mwenye hema na daftari, ukifika kwa mtemi ulitua, ukangoja, ukaanza kupatana hongo, yaani ushuru wa kupita: nguo za merikani na kaniki kiasi gani, shanga za rangi gani, waya wa shaba urefu gani. Mkimalizana mnakwenda mwendo wa siku moja mbili, mnaingia kwa mtemi mwingine, na mazungumzo yanaanza upya. Richard Burton na John Speke walipita huku mwaka 1857, Henry Stanley akapita mwaka 1871, na maandishi yao yamejaa manung'uniko juu ya watemi wa Ugogo.

Manung'uniko hayo hayakuwa na msingi mkubwa. Wagogo walikuwa na maji, wapita njia walikuwa na kiu. Kati ya Chunyo, nje kidogo ya Mpwapwa, na vijiji vya kwanza vya Ugogo kuna nyika kavu ambayo wapagazi waliiita Marenga Mkali, na waliivuka kwa kukaza mwendo usiku na mchana kwa sababu njiani hapakuwa na tone la kuaminika. Aliyetoka nyika hiyo akiwa hai alikuwa tayari kulipia kisima.

Siku hizi hakuna anayesimama. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inamtoa abiria Dar es Salaam na kumfikisha Dodoma kwa muda usiotosha kumaliza gazeti na usingizi mmoja. Barabara ya lami kutoka Dodoma kwenda Babati ilikamilika na kuzinduliwa mwaka 2018, na basi la Arusha linapita mlangoni pa eneo la Urithi wa Dunia bila kupunguza mwendo. Wageni wanaokuja Dodoma kwa Bunge, kwa semina au kwa kesi wanaona mnara wa msikiti wa Gaddafi, wanakula nyama choma, wananunua zabibu na chupa ya mvinyo, kisha wanarudi walikotoka wakiamini kwamba uwanda huu ni vumbi na mibuyu tu.

Vumbi lipo, na mibuyu ipo. Lakini ukitoka mjini upande wowote, baada ya saa moja hadi tatu za gari, unakutana na miji midogo iliyojibanza kwenye vilima, ambayo umri wake na visa vyake vinaizidi Dodoma yenyewe. Dodoma ni mtoto wa reli: Wajerumani waliifikisha njia yao ya kati hapa mwaka 1910 na mji ukakua kuzunguka stesheni. Mpwapwa, Kilimatinde na Kondoa-Irangi zilikuwa zimekwisha kujulikana na misafara kabla ya pau la kwanza la chuma kulazwa.

Kule Italia vijiji vya namna hii vimekuwa biashara kubwa. Wazee wao walijenga vilimani kwa hofu ya maadui na malaria ya mabondeni. Wajukuu wakahamia mijini. Leo watalii wanapanda kwa miguu kutazama makanisa, minara na vichochoro. Mfano ulio maarufu zaidi ni Civita di Bagnoregio, kaskazini mwa Roma, kijiji kilichoanzishwa na Waetruski miaka 2,500 hivi iliyopita juu ya mwamba laini unaomeguka kila mwaka. Wakazi wa kudumu waliobaki ni watu kumi na kitu, na njia ya kuingilia ni daraja moja la waenda kwa miguu. Mwaka 2013 halmashauri ya Bagnoregio ilianza kutoza kiingilio cha euro moja na nusu. Watu hawakukimbia, waliongezeka hadi kufikia mamia ya maelfu kwa mwaka, kiingilio nacho kikapanda. Mtemi yeyote wa Ugogo angeielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Uwanda wa kati hauna minara ya mawe. Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe, ukuta wa miti na udongo, paa tambarare la udongo, na tembe haidumu miaka 700. Kilichodumu huku ni miamba yenyewe na vilivyochorwa juu yake, na kwa hicho Kondoa haina sababu ya kumwonea wivu mtu yeyote, wa Italia au wa kwingine.

Kolo ni kijiji cha barabarani, kilomita 20 hivi kaskazini mwa mji wa Kondoa. Kando ya lami kuna ofisi ya Mambo ya Kale yenye chumba kidogo cha maonyesho, na hapo ndipo mgeni anajiandikisha, analipa na kupewa mwongozaji. Bila mwongozaji hakuna safari: mapango yametawanyika kwenye miteremko ya vilima vinavyotazama Bonde la Ufa, eneo la kilomita za mraba 2,336, na njia nyingi anazijua mchunga mbuzi peke yake. Idadi kamili ya mapango yenye michoro haijafikiwa. Makadirio ni kati ya 150 na 450. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, miaka sita baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Pango linalotembelewa zaidi ni Mungomi wa Kolo. Gari linaacha lami, linashika njia ya mawe, linavuka mchanga wa mto ambao kiangazi ni barabara na masika ni kizuizi, kisha linaachwa chini. Kinachobaki ni mlima mkali wa kupanda kwa miguu, na wenye viatu vya ofisini hujuta mapema. Juu kuna majabali makubwa yaliyopasuka na kuegemeana, moja limetokeza mbele na kufanya kivuli kipana. Mtu aliyetoka kwenye jua anaona kwanza ukuta mtupu wenye madoa. Anangoja macho yazoee. Ndipo linatokea guu la twiga, halafu shingo, halafu kundi zima la pofu na swala, na katikati yao watu wembamba warefu, waliochorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma, vichwa vyao vimebeba nywele au mapambo makubwa ya duara.

Kuna picha moja hapo ambayo imewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Watu watano wamesimama. Wa katikati, anayeonekana kuwa mwanamke, amekamatwa mikono na walio kando yake, wengine wakimvuta huku na wengine kule. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyepiga kambi Kondoa mwaka 1951 na kunakili maumbo yapatayo 1,600, aliona tukio la kutekwa au ugomvi. Waliofuata wakasema hapana, hiyo ni ngoma ya uganga, na wa katikati amepandisha, anashikiliwa asianguke. Wanaounga mkono wazo la pili huwataja Wasandawe, wanaoishi magharibi ya hapo, upande wa Farkwa wilayani Chemba, watu wenye lugha ya vidoko ambao ngoma yao ya simbo huwafikisha wachezaji kwenye hali hiyohiyo. Mgeni yuko huru kuchagua upande. Mwandishi wa makala haya yuko upande wa ngoma, kwa kuwa miguu ya watu wale haijakaa kama ya watu wanaogombana.

Michoro hiyo myekundu huhusishwa na wawindaji wa kale. Juu yake, mara nyingine ikiifunika kabisa, ipo myeupe, minene na ya haraka zaidi, ambayo inaaminika kuwa kazi ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Kwa ujumla ukutani hapo kuna mkusanyiko wa angalau miaka elfu mbili. Fenga, si mbali na Kolo, kuna tembo aliyezungukwa na mistari na watu, kana kwamba ameingia mtegoni. Pahi na Kinyasi nako kuna kuta zake. Na Kisese, ambako mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba mwaka 1956, ardhi ilitoa shanga za maganda ya mayai ya mbuni, ambazo vipimo vya miaka ya karibuni vimeonyesha kwamba za kale zaidi zimevuka miaka 40,000. Ni mapambo, yalitobolewa na kusuguliwa kwa mkono wa mtu aliyetaka kupendeza.

Mungomi si jumba la makumbusho lililofungwa. Wazee wa Kirangi bado wanapanda huko kuomba mvua na kuomba afya, na hapo penye picha kuna sehemu wanayofanyia matambiko. Mbuzi huchinjwa, pombe ya nafaka hunyunyizwa. Wahifadhi hukuna vichwa, maana pombe na mafuta ya mnyama vikirushwa ukutani vinaharibu rangi. Wazee nao huuliza, kwa haki kabisa, nani aliyelitunza pango hili kabla serikali haijalitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937. Mgeni akifika siku ya tambiko atageuzwa, na ageuke bila kulalamika.

Wanaostahili kulalamikiwa ni wengine. Kwa miaka mingi kumekuwa na uvumi kwamba Wajerumani walipokimbia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walifukia dhahabu kwenye vilima vya Kondoa, na kwamba picha za mapangoni ni ramani yake. Basi wako watu wanaokuja na sururu usiku. Sakafu za baadhi ya mapango zimetobolewa mashimo, na kilichotupwa nje kama kifusi ndicho hasa hazina: mavumbi yenye majivu, mifupa na vipande vya mawe ambavyo mtaalamu angeweza kuvisoma tabaka kwa tabaka. Zamani serikali iliwahi kujenga vizimba vya nyavu za waya mbele ya baadhi ya kuta. Nyavu ziling'olewa, waya ukapata kazi nyingine.

Hao Wajerumani walikimbia kweli, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba walikuwa na dhahabu ya kufukia. Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer waliuteka mji wa Kondoa-Irangi huku mvua za masika zikimwagika, farasi wao wakifa kwa magonjwa njia nzima. Usiku wa kuamkia Mei 10 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alijaribu kuurudisha mji akashindwa, na kufikia mwisho wa Julai Waingereza na washirika wao walikuwa wamefika kwenye reli, Dodoma. Vilima hivi vilivyoonekana kuwa pembezoni mwa kila kitu vilikuwa kwa majuma kadhaa ndicho kitovu cha vita ya Afrika Mashariki.

Mji wa Kondoa wenyewe unafaa kulala usiku mmoja. Ni mji uliokua kwa biashara ya watu wa pwani na unaonyesha hivyo: kanzu, misikiti, chai ya tangawizi alfajiri, na Kiswahili kinachozungumzwa kwa madaha. Asubuhi yafaa kupanda gari la kwenda Haubi, kijiji cha vilimani chenye misheni kongwe ya Kikatoliki, kwa sababu njia ya huko inapita kwenye makorongo. Udongo mwekundu umekatwa wima hadi kina cha kumeza nyumba. Katika miaka ya 1970 watu walidhani Irangi, nchi ya Warangi, imekwisha. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 ikatoka amri ambayo wazee hawajaisahau: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote watoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Kwa mfugaji hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa atoe watoto. Lakini majani yaliota, miti ikarudi, baadhi ya makorongo yakalala, na baadaye ng'ombe wachache wa maziwa wakaruhusiwa kurudi kwa sharti la kulishwa zizini. Watu wa Civita, wanaotazama mwamba wao ukimeguka, wangekuwa na mengi ya kuzungumza na mkulima wa Haubi.

Upande wa mashariki wa Dodoma njia ni nyingine. Kongwa, umbali wa kilomita 90 hivi, ni mahali ambapo serikali ya Uingereza mwaka 1947 iliamua kulima karanga kwa ajili ya mafuta ya kula ya raia wake. Mpango ulikuwa ekari milioni tatu na zaidi. Matrekta yakaletwa, mengine yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya vita; ikajengwa reli ya tawi kutoka Msagali; mibuyu ikakataa kung'oka, nyuki wakatoka mashinani na kuwafukuza madereva, mvua ikagoma, udongo ukakauka na kuwa mgumu karanga zisichimbike. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza pauni milioni 36, na karanga zilizovunwa hazikufikia zile zilizonunuliwa kwa mbegu. Mgogo yeyote aliyelima uwele na mtama mahali hapo angeweza kuwashauri bure.

Majengo yaliyoachwa na karanga yakapata wapangaji wapya. Kuanzia miaka ya 1960 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU walikuwa na kambi zao jirani kwa jirani, na Samora Machel ni miongoni mwa waliopita hapo. Makaburi ya waliofia kambini yapo. Wageni wa Namibia na Afrika Kusini huja kuyatafuta. Vijana wengi wa Dodoma wanaifahamu Kongwa kwa ranchi yake ya ng'ombe na mahindi ya Kibaigwa tu.

Ukiendelea na milima unaingia Mpwapwa, chini ya safu ya Kiboriani, ambako hewa inabadilika na miti inakuwa mirefu. Misafara ilipapenda kwa maji na chakula, ikapumzika hapo kabla ya Marenga Mkali. Wamisionari Waanglikana wa CMS waliweka kituo miaka ya 1870, Wajerumani wakafuata na ngome, na Julai 1889 Bushiri bin Salim, aliyekuwa akipigana nao pwani, aliwafuata hadi huku na kukivamia kituo chao. Kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, alikijenga upya mwaka huohuo, na Novemba Stanley akapita tena, safari hii akiwa na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumtoa bonde la juu la mto Nile. Mambo makubwa kwa mji ambao leo unajulikana kwa chuo cha ualimu na kwa ng'ombe. Ng'ombe hao hawapaswi kudharauliwa: ng'ombe aina ya Mpwapwa alizalishwa na kituo cha utafiti cha hapa kwa kuchanganya damu za Asia na za kienyeji, na ni moja ya aina chache za ng'ombe zilizobuniwa Afrika Mashariki zikabeba jina la mahali zilipobuniwa.

Magharibi, karibu na Manyoni mkoani Singida, iko Kilimatinde. Mji umekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Chini yake uwanda wa Bahi unaenea hadi macho yanachoka. Wajerumani walijenga boma lao hapo kwa sababu hiyo, maana hakuna msafara uliofika bila kuonekana. Reli ilipopita chini, Saranda, kisha Manyoni ikakua, Kilimatinde ikabaki na hospitali ya Kanisa Anglikana, majengo ya zamani na upepo. Kati ya miji yote iliyotajwa hapa ndiyo inayofanana zaidi na vile vijiji vya Italia vilivyoachwa juu.

Tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza UNESCO. Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji zote zimo. Orodha ipo, kinachokosekana ni vitu vidogo ambavyo Waitaliano hawavikosi: kibao kinachosomeka, kijana wa kijijini aliyefunzwa kueleza, choo, gesti safi, mama lishe mwenye ugali wa uwele na mlenda kwa bei inayojulikana. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Lakini mgeni anayepita kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa haponyi mtu.

Mwenye siku tatu aanze na Kondoa. Mabasi ya Babati na Arusha yanapatikana stendi kuu ya Dodoma asubuhi, na miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, mito ikiwa imekauka. Apitie kwanza ofisi ya Kolo, amlipe mwongozaji, aulize kama wazee wako mlimani siku hiyo. Avae viatu vya kupandia. Picha zisiguswe kwa mkono, na asimwage maji ukutani ili zing'ae kwenye simu, kama wengi walivyofanya na kuzifuta kidogo kidogo. Maji aliyobeba ayanywe, kwani mlima ni mkali.